Makaburi ya Mlimani: Uhakiki wa Filamu ya Jeremiah Johnson

Filamu ya Jeremiah Johnson, iliyoongozwa na Sydney Pollack na kutolewa mwaka 1972, husifiwa aghalabu kwa mambo mawili: uzuri wa milima yake na upweke wa shujaa wake. Watazamaji wengi huikumbuka kama hadithi ya mtu mmoja aliyeupa mji kisogo, akapanda kwenye theluji, akashindana na baridi, njaa na dubu, akashinda. Sifa hizo si za uongo, walakini hazitoshi. Aitazamaye kwa utulivu, akamfuata mtu huyu si mahali anapowinda bali mahali anapokutana na wafu, ataona ya kuwa milima ile haikuwa tupu hata siku moja, na ya kuwa shujaa hapimwi humo kwa nguvu za mikono yake bali kwa jinsi anavyowatendea wafu wa watu. Katika kipimo hicho Johnson hufaulu zaidi ya mara moja, hushindwa mara moja, na kushindwa huko ndiko kunakomgharimu kila kitu.

Hadithi yenyewe si ngumu. Johnson, aliyeigizwa na Robert Redford, ni askari aliyechoshwa na vita vya Marekani na Mexico, vilivyopiganwa tangu mwaka 1846 hata 1848. Anafika katika Milima ya Rocky akitaka kuishi kwa mtego na bunduki. Hajui kuvua samaki, hajui kujilinda na theluji, na mwenyeji wa nchi, shujaa wa kabila la Crow aitwaye Paints His Shirt Red, anamtazama kwa kimya akihangaika mtoni. Mswada uliandikwa na John Milius na Edward Anhalt kwa kufuata vitabu viwili: riwaya ya Vardis Fisher iitwayo Mountain Man, ya mwaka 1965, na Crow Killer, kitabu cha Raymond Thorp na Robert Bunker cha mwaka 1958. Picha zilipigwa katika jimbo la Utah, na mpiga picha wake, Duke Callaghan, mara nyingi huiweka kamera mbali sana, hata mtu na farasi wake waonekane kama nukta juu ya weupe. Mazungumzo ni haba. Nyimbo za Tim McIntire na John Rubinstein na sauti ya msimulizi hushika mahali pa maneno mengi. Kwa namna hiyo filamu hufanana na masimulizi ya mapokeo kuliko riwaya: mtu huingia, huzungumza kidogo, hutoka, na mtazamaji huachiwa kuunganisha.

Jambo la kwanza linalofaa kuangaliwa ni bunduki. Johnson alitaka bunduki ya Hawken yenye tundu la nusu inchi, akakosa, akaridhika na iliyo ndogo. Baadaye, katika theluji, anamkuta mwindaji aitwaye Hatchet Jack amekufa na kuganda, bunduki ya aina ile ile ikiwa kwake, pamoja na barua. Marehemu ameandika ya kuwa silaha yake ni mali ya atakayeiona, na anaomba kwa Mungu mtu huyo awe mweupe. Johnson anaichukua. Basi silaha itakayomlisha, na hatimaye kutumika katika kisasi chake, si tunda la jasho lake. Ni wasia wa maiti. Wala wasia huo hauna usafi. Katika maneno machache yale yanayochekesha mna mpaka unaowatenga wanaodhaniwa kuwa warithi wa nchi na wanaodhaniwa kuwa si warithi, ingawa hao wa pili ndio walioitangulia nchi. Filamu yote iliyobaki ni habari ya mtu atembeaye juu ya mpaka huo, mara upande huu, mara upande ule.

Kila alicho nacho Johnson baada ya hapo hakipati kwa upweke bali kwa mkono wa mwingine. Methali husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini ulimwengu hauna kinywa, hufundisha kwa kinywa cha mtu. Kwa Johnson kinywa hicho ni cha mzee Bear Claw Chris Lapp, mwinda dubu, aliyeigizwa na Will Geer kwa ucheshi usiomwondolea heshima. Mzee anamkuta kijana karibu kufa kwa njaa, anamlaza, anamlisha, anamfundisha kuwinda na kuwatambua watu wa milima kwa makabila yao. Hapo hekaya ya mtu aliyejitengeneza mwenyewe, ambayo ni mojawapo ya hekaya zipendwazo sana Marekani, inavunjwa na filamu inayodhaniwa kuisifu. Johnson asiye na mwalimu angalikufa katika majira yake ya kwanza ya baridi, na hadithi ingalikwisha.

Akisha kuachana na mzee, Johnson anakuta nyumba iliyoshambuliwa na watu wa Blackfeet. Mama wa nyumba, aliyeigizwa na Allyn Ann McLerie, amerukwa na akili kwa ukali wa msiba. Johnson si jamaa yake wala hamjui, lakini anashiriki katika kuwazika wafu wake. Mama yule hataki kuondoka penye makaburi. Anamkabidhi Johnson mwanawe aliyebaki, naye mtoto hasemi neno tangu siku ile. Johnson anamwita Caleb. Mpangilio wa mambo haya si wa bahati. Mkono uliochimba kaburi ndio unaopokea mtoto. Aliyewaheshimu wafu wa mgeni anapewa kilicho hai katika nyumba ya mgeni, na mama asiye na akili timamu ndiye anayeitambua haki hiyo kuliko wenye akili.

Hata mzaha wa filamu hauliachi kaburi. Del Gue, aliyeigizwa na Stefan Gierasch, anakutwa amefukiwa mchangani hata shingoni, kichwa kimenyolewa, naye bado anasema kwa majivuno. Ni maziko ya mtu hai, na mtazamaji anacheka. Lakini kicheko kinakatika upesi: Del Gue anawaendea waliomfukia, anawaua, anawachuna ngozi za vichwa na kutwaa farasi wao. Johnson anachukizwa. Hapo filamu inaonyesha kwa mara ya kwanza mtu anayewafanya wafu kuwa mali, na inaonyesha pia ya kuwa mali ya namna hiyo humfuata hata asiyeitaka. Ngozi zile zinaonekana juu ya farasi wa Johnson mbele ya watu wa Flathead, nao, kwa kuwa Blackfeet ni adui zao, wanamhesabu kuwa shujaa. Johnson anatoa zawadi ya farasi na ngozi pasipo kujua uzito wa tendo lake. Mkuu wao, Lebeaux, Mkristo asemaye Kifaransa, anabanwa na desturi: apewaye zawadi hana budi kurudisha iliyo kubwa kuliko aliyopewa, ama sivyo ni aibu kubwa. Anamtoa binti yake, Swan, awe mke wa mgeni.

Sehemu inayofuata ndiyo tamu kuliko zote, na ndiyo inayostahili kuulizwa maswali makali kuliko zote. Watu watatu wanajenga nyumba ya magogo mahali pazuri. Baba ana Kiingereza, mama ana lugha ya watu wake, mtoto ana kimya. Nyumba isiyo na lugha moja inakuwa nyumba kwa kazi: kukata magogo, kupika, kuwinda, kucheza. Johnson anapoona uso wa mkewe umewashwa na ndevu zake, ananyoa. Jambo dogo, lakini linasema juu ya mapenzi kuliko hotuba. Hata hivyo, somo la Kiingereza ambalo Johnson anampa Swan ni la neno moja tu, nalo ni neno la kukubali. Anamfundisha kuitikia ndiyo, kisha anamtania ya kuwa hilo latosha. Delle Bolton, aliyemwigiza Swan, anafanya mengi kwa macho na mikono, naye anafanikiwa. Lakini mwigizaji hawezi kusema maneno ambayo mwandishi hakumwandikia. Mzaha wa Johnson ni wa upole. Upungufu wa filamu si wa upole. Filamu nayo imemtaka Swan aseme ndiyo tu.

Kisha linakuja jeshi. Luteni Mulvey na kasisi Lindquist wanaomba msaada: msafara wa wahamaji umekwama katika theluji na watu wana njaa. Njia ya kuwafikia upesi inapita katikati ya makaburi ya Wacrow. Johnson anakataa kupita. Akishtakiwa kuwa ameanza kuamini mambo ya wenyeji, jibu lake ni la mtu mwenye adabu: haidhuru yeye anaamini nini, yatosha ya kuwa wenyewe wanaamini. Hilo ndilo neno la hekima kuliko yote katika filamu. Walakini anayelisema halishiki. Kilio cha wenye njaa ni cha kweli, haya ya kuwakatalia watu wa asili yake ni ya kweli, na Johnson anakubali. Wanapita mmoja nyuma ya mwingine, kimya, kati ya majukwaa ya miti yanayobeba mifupa. Hakuna anayeiba, hakuna anayetukana, hakuna anayevunja. Pollack hakutumia vitisho vya muziki kumwambia mtazamaji kwamba kosa limetendeka. Aliacha sauti za kwato na za farasi zifanye kazi hiyo.

Ugumu wa tendo hili ndio unaoifanya filamu kuwa tanzia na si hadithi ya risasi tu. Ingalikuwa rahisi kumfanya luteni kuwa mwovu au kasisi kuwa mnafiki. Hawakufanywa hivyo. Wanataka kuwaokoa watu, na njia yao ni fupi. Kosa lao ni kudhani ya kuwa haja ya walio hai wa kabila lao inafuta haki ya wafu wa kabila jingine. Johnson peke yake anajua ya kuwa haifuti. Kwa hiyo yeye peke yake ndiye mwenye hatia kamili. Asiyejua amekosa njia, ajuaye ameivunja. Na jambo la kuumiza ni hili: mtu aliyeukimbia ulimwengu wa chini, hata akawauliza askari hao kama vita na Mexico vimekwisha na ni nani aliyeshinda, anaangushwa na ulimwengu ule ule kwa kuutendea hisani mara moja.

Akirudi peke yake kwa njia ile ile, anaona juu ya makaburi vitu vya urembo vya rangi ya samawi vilivyokuwa vya mkewe. Hakuna mauaji yanayoonyeshwa. Makaburi yenyewe yanampa habari. Anakimbiza farasi, anafika, anawakuta Swan na Caleb wameuawa. Anaketi nao muda mrefu bila neno, kisha anaichoma nyumba nao wakiwa ndani. Yule aliyechimba makaburi ya wafu wa mama mgeni hawachimbii wafu wake udongo; anawapa moto. Tafsiri iliyo karibu zaidi ni kwamba mtu huyu hataki tena kuwa na mahali. Nyumba na kaburi vyote viwili humfunga mtu na ardhi, naye amejitenga na ardhi kwa kuvunja sheria yake.

Kisasi kinachofuata kimepigwa picha kwa haraka na ukavu. Johnson anawaandama waliomwulia jamaa na kuwaua wote isipokuwa mmoja, anayeimba wimbo wake wa mauti akingoja pigo. Johnson anamwacha hai. Habari zinaenea, na tangu hapo Wacrow wanatuma mashujaa mmoja mmoja kupigana naye. Miaka inapita kwa mapigano hayo. Anaporudi penye nyumba ya yule mama, mama amekwisha kufa na wahamaji wengine wanakaa humo kwa hofu. Karibu na hapo Wacrow wamejenga ukumbusho wa Johnson na kuutolea vitu, kana kwamba wamemjengea kaburi angali hai. Duara linafungika: aliyepita juu ya makaburi yao amefanywa yeye mwenyewe kuwa kaburi litembealo. Mwishoni anamwona Paints His Shirt Red kwa mbali juu ya farasi. Mkono wa Johnson unaelekea kwenye bunduki. Yule mwingine anainua mkono wake mtupu, Johnson anainua wake, picha inasimama. Wote wawili wako hai, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Huo ni mwisho wa sanaa ya juu, lakini uhakiki hauwezi kuridhika nao upesi. Katika filamu nzima Wacrow hawapewi nafasi ya kuwalilia wafu wao. Makaburi ni yao, heshima iliyovunjwa ni yao, na mashujaa wanaouawa mmoja baada ya mmoja ni wana wa mama zao. Walakini huzuni ambayo mtazamaji anaalikwa kuishiriki ni ya nyumba moja tu. Mauti ya Caleb na Swan ni msiba. Mauti ya Wacrow ni hesabu. Filamu imeijua haki yao, maana imejenga tanzia yake yote juu ya haki hiyo, lakini haikuisikiliza sauti yao.

Historia nayo inauzidisha upungufu huo. Wacrow, ambao kwa lugha yao hujiita Apsáalooke, hawakuwa maadui wa kudumu wa watu weupe. Wakisongwa na adui zao wa jadi, wakiwamo Blackfeet na Lakota, waliona faida katika urafiki na Marekani, na mwaka 1876 wapelelezi wa Crow walikuwa pamoja na jeshi lake katika vita vya Little Bighorn. Urafiki huo haukuilinda nchi yao: mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliipunguza sana ardhi iliyotambuliwa kuwa yao katika ule wa mwaka 1851. Tarehe 11 Novemba 1921, Askari Asiyejulikana alipozikwa Arlington, mkuu wa Wacrow aitwaye Plenty Coups alikuwapo kwa niaba ya wenyeji wa asili wa Marekani. Aliweka juu ya kaburi lile kofia yake ya vita ya manyoya na fimbo yake ya ushujaa. Mkuu wa Wacrow alikuwa amelivulia kofia kaburi la askari wa Marekani, na miaka 51 baadaye filamu ikawaonyesha askari wa Marekani wakipita juu ya makaburi ya Wacrow. Wachache kati ya watazamaji wa mwaka 1972 wangaliweza kuyaweka mambo hayo mawili pamoja, filamu haikuwasaidia.

Johnson wa kweli naye alikuwa na kaburi, na kisa chake kinafaa kusimuliwa. John Johnson, aliyezaliwa New Jersey karibu na mwaka 1824 na kupewa lakabu ya mla maini, alifariki mwaka 1900 katika nyumba ya askari wazee huko Los Angeles, akazikwa huko. Masimulizi ya kuwa aliwaua Wacrow wengi kwa kulipiza kisasi cha mkewe na kula maini yao hayana ushahidi thabiti, na filamu ilifanya vema kuyaacha maini. Mwaka 1974, baada ya filamu kumfanya mashuhuri, mifupa yake ilifukuliwa ikazikwa upya Cody, katika Wyoming, ili awe karibu na milima, na Redford alikuwa miongoni mwa wachukuzi wa jeneza. Mtu mmoja alitafutiwa kaburi la kumfaa kwa sababu ya hekaya ambayo ndani yake makaburi ya taifa zima ni njia ya kupitia tu.

Mwaka 1985 Pollack na Redford walifanya filamu nyingine yenye kaburi mlimani, safari hii katika Kenya. Katika Out of Africa, Redford ni Denys Finch Hatton, anayezikwa katika vilima vya Ngong kwa maneno mazuri ya huzuni, na filamu inakwisha kwa habari ya simba wanaokuja kulala juu ya kaburi lake. Katika filamu hiyo hiyo Karen Blixen anapiga magoti mbele ya gavana kuwaombea Wakikuyu ardhi; ombi ni lao, kinywa ni chake. Msomaji wa Afrika ya Mashariki azitazamapo filamu hizi mbili pamoja ataona ya kuwa mkono ni mmoja. Ni mkono wenye adabu, unaoipenda nchi, unaojua kuomboleza. Lakini huomboleza kwa ukamilifu pale tu anapokufa mgeni.

Hukumu juu ya Jeremiah Johnson, basi, haiwezi kuwa ya sifa tupu wala ya lawama tupu. Filamu nyingi za jamii yake ziliwafanya wenyeji wa Marekani kuwa shabaha za bunduki. Hii ilikiri ya kuwa wana makaburi, na ya kuwa makaburi hayo yana haki iliyo kubwa kuliko haraka ya jeshi. Huo ni ukweli mzito, na haki ya filamu ni kupewa sifa kwa kuusema. Deni lake ni kwamba iliusema kwa kinywa cha mtu aliyeuvunja, ikawaachia wenye makaburi ishara ya mkono peke yake. Mkono ule wa mwisho ni wa amani, na mtazamaji hana sababu ya kuukataa. Ila anaweza kuuliza Paints His Shirt Red angalisema nini kama, kabla ya picha kusimama, angalipewa nafasi ya kusema.